Mshauri wa kodi hapa Mtwara mjini: aliniandikia marejesho ya kodi 2,424,000, ikaja kuingia 849,000

Hii riviu nimeikalia toka mwezi wa kumi na moja, nikasema ngoja hasira zishuke kwanza, maana ningeandika siku ileile hela imeingia ningetukana mtu na mi sina tabia hiyo. Ofisi siitaji jina, ipo mjini, ghorofani, ngazi zake nyembamba kama za msikitini, chini wanauza vifaa vya simu. Wanajiita washauri wa kodi, na kweli ni washauri, cheti cha usajili kipo ukutani nimekisoma kwa macho yangu. Sasa tuanze.

Mi ni mzabuni. Mchele, maharage, unga, mafuta ya kula na sabuni, napeleka shule za bweni na taasisi za serikali hapa Mtwara, mara mojamoja nafika mpaka Lindi. Maharage nafata mzigo wa Songea, siku hizi lami imenyooka mpaka huku kupitia Tunduru na Masasi mambo mepesi, sio zamani tulikuwa tunalala porini. Zabuni zenyewe toka NeST, ule mfumo wa manunuzi wa serikali, ije mwaka 2023 kila kitu mtandaoni, nimezoea kwa shida shida hivohivo.

Sasa kwa ambao hamjawahi kufanya hii kazi, serikali ikikulipa bidhaa inakata asilimia 2 juu kwa juu, inaitwa kodi ya zuio. Umepeleka mzigo wa milioni 10, benki inasoma 9,800,000. Ile laki mbili haijaliwa na mtu, inatakiwa ipelekwe ofisi ya kodi kwa TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, ikae kule inakusubiri, af mwaka ukiisha unapiga hesabu ya kodi yako halisi na ile inahesabika umeshalipa. Ukionekana umelipa zaidi, unadai. Mi miaka yote nilikuwa najua ile imekwenda na maji, kuna mwenzangu wa Chikongola ndo alinishtua, we mama mbona unawaachia hela zako?

Mwaka 2024 niliuza serikalini mzigo wa milioni 118. Asilimia 2 yake ni 2,360,000. Na huku pembeni nilikuwa nalipa kodi ya makadirio kila robo mwaka, Machi, Juni, Septemba, Desemba, laki tatu tatu, jumla milioni moja na laki mbili. Nilipoambiwa nikadirie mwanzo wa mwaka nilikadiria kama mtu asiyekatwa popote, ujinga wangu huo naukubali. Kwa hiyo jumla nimelipa 3,560,000 na sijui.

Basi nikaenda kwa huyu bwana. Mwezi wa sita mwanzoni, maana ritani ya mwaka, ile taarifa ya mapato na kodi yako, mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Kanipokea vizuri, feni inazunguka, kaniagizia soda, kaka mstaarabu tu ana suti na joto lote lile la Mtwara. Nikamweleza mauzo, nikamweleza faida nayoijua kichwani kama milioni 10 na laki nne. Akachukua kalkuleta, akabonyeza, akabonyeza tena. Akasema kwa faida hiyo kodi yako ya mwaka ni 1,136,000, na hapo sikatai alipiga sawa, viwango vya mtu binafsi ndo hivo, ukivuka 9,120,000 unalipa 816,000 na asilimia 25 ya kilichozidi. Akatoa kwenye ile 3,560,000. Akageuza bahasha ya kaki akaandika nyuma yake kwa peni ya bluu 2,424,000, akaizungushia duara mara mbili.

"Mama, una hela yako kule imelala."

Jamani. Mtu akikuandikia namba kwenye bahasha akaizungushia duara mara mbili, hiyo sio makadirio tena, hiyo ni ahadi. Mi ile bahasha niliomba niondoke nayo. Nikaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo jikoni, kila nikichukua sahani naiona. Friza la kuuzia samaki nikalitolea advansi dukani. Mdogo wangu wa Mikindani nikamwambia ada ya mtoto usihangaike. Wanasema wenzetu kule Marekani kila mwaka watu wanangojea hela ya kodi kama sisi huku tunavongojea malipo ya korosho, basi na mi mwaka huo nilikuwa Mmarekani.

Makubaliano ya malipo yake: laki moja na nusu ya kuandaa hesabu na kutuma ritani, hiyo nilitoa palepale, af asilimia 15 ya marejesho. Kumbukeni hayo maneno, "asilimia 15 ya marejesho", ndo yalivoandikwa kwenye karatasi, hamna neno lingine mbele wala nyuma. Tutarudi hapo.

Kilichofata sasa ndo sehemu nataka kuisifia, kwa sababu nikiponda tu nitakuwa sina haki. Kuna binti pale ofisini, ndo anafanya kazi yote kusema ukweli, bosi yeye ni wa bahasha. Nilimpelekea risiti zangu za mwaka mzima kwenye kiroba cha mchele cha kilo 25, nimezibana na mipira ya noti. Alimwaga zote mezani. Shikamoo mama, marahaba, zimetunzwa wapi hizi? Nikamwambia nyingine dukani, nyingine kwenye dashibodi ya gari. Akaguna.

Wenye mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, mnajua, ile karatasi haiandikwi kwa wino, inaandikwa kwa joto, na ikikaa juani muda mrefu maandishi yanafutika. Risiti zilizokaa kwenye dashibodi toka Songea mpaka Mtwara jua linapiga kioo zilikuwa nyeupe pepepe, kama tiketi ya basi la mwaka juzi. Yule binti alichukua mojamoja, akaisogeza dirishani, akaiinamisha hivi na hivi kutafuta kivuli cha maandishi, akikuta namba ya uhakiki inasomeka anaiingiza kwenye simu, risiti inatokea kule kwenye mfumo anaichapa upya. Siku tatu alifanya hiyo kazi. Alizookoa ni nyingi kuliko nilivotegemea, alizoshindwa alizitenga kwenye rundo akaandika juu yake MAREHEMU. Tulicheka, ila nilivoona lile rundo ni nene nikaacha kucheka.

Af ndo akaniuliza maswali ambayo bosi wake hakuniuliza hata moja. Mama, vyeti vya kodi ya zuio viko wapi? Vyeti gani tena? Kumbe kila anayekukata anatakiwa akupe cheti kinachoonyesha kakukata shilingi ngapi na kapeleka, bila hivyo unasema tu. Nilikuwa navyo vichache, vingine nikazunguka kuvitafuta wiki mbili, bajaji huku, bodaboda kule, Nanguruwe nilienda mara mbili. Wahasibu wengi walinipa bila shida, hamna aliyeniomba hata ya soda. Shule moja ya bweni ndo ilinishinda, nimewauzia mzigo wa milioni 30 kwa mwaka huo, wamenikata laki sita, slipu za malipo ninazo zinaonyesha kabisa makato, ila cheti hamna na kwenye mfumo ile hela haionekani kwa TIN yangu. Mhasibu aliyekuwepo kahamishwa. Mpya anasema mama mi nimekuja juzi.

Binti kamwambia bosi mbele yangu, hii laki sita tusiihesabu kwanza. Bosi akasema iweke tu, wataiona wenyewe. Hapo ningekuwa na akili ningebeba kiroba changu nikaondoka.

Ritani ikaenda kwa wakati, maombi ya marejesho yakaenda. Ofisi ya kodi hawalipi hivihivi, wanapitia kwanza, afisa akaita nyaraka, tukapeleka, akauliza tena, tukapeleka tena. Mi upande wao sina la kusema, nilijibiwa kwa adabu na kila nilichokatwa niliandikiwa sababu yake. Kilichoniuma ni kwamba sababu zote zile zilikuwa zinajulikana toka mwezi wa sita.

Hela ikaingia mwezi wa kumi na moja. Na mnajua mwezi wa kumi na moja huku ulivyo, minada ya korosho imepamba moto, mji umejaa, gesti hamna nafasi, pikipiki mpya zinapita na makaratasi bado yapo kwenye siti, kila mtu ana kitu. Mi nipo dukani napima unga, simu ikalia meseji ya benki. Nikaacha unga nikafuta mikono nikavaa miwani. 849,000.

Nikavua miwani nikaifuta nikavaa tena. Laki nane na elfu arobaini na tisa.

Nilifunga duka. Nilienda pale ghorofani sijui hata nilipandaje zile ngazi, bosi hayupo kaenda Masasi kwa wateja, binti yupo. Akanikalisha, akatoa ile barua akaichukua kipengele kwa kipengele kwa peni, na hapa nawaandikia nilivoelewa kwa sababu najua kuna wazabuni wenzangu watapita njia hiihii.

Kwanza ile laki sita ya shule imekataliwa yote, hamna cheti hamna hela kwenye mfumo, kwa hiyo mi natambulika nimelipa 2,960,000 tu. Hapo tu kwenye bahasha ya kaki inabaki 1,824,000. Pili ni lile rundo la marehemu, pamoja na hela nilizowalipa vibarua wa kupakua na gari mbili za kukodi ambazo wenye magari hawakunipa risiti, jumla 2,200,000, zimetolewa kwenye matumizi. Ukitoa matumizi faida inapanda, si ndio, kwa hiyo badala ya milioni 10 na laki nne mi naonekana nimepata faida milioni 12 na laki sita. Na nimevuka milioni 12, ambako kilichozidi kinakatwa asilimia 30. Kodi ikatoka 1,136,000 ikawa 1,716,000. Yaani karatasi nyeupe zile kwenye dashibodi zimenigharimu 580,000. Dereva wangu nilimwambia hiyo namba akadhani namtania.

Hapo ikabaki 1,244,000. Ya tatu ndo sikuitegemea kabisa: nilikuwa nadaiwa. Ritani ya 2022 niliichelewesha, kodi yenyewe nililipa, mi nikajua nikishalipa nimemaliza, kumbe kulipa ni kitu kingine na kuwasilisha ritani ni kitu kingine, ukichelewa kuwasilisha unapigwa faini hata kama umelipa. Faini na riba vimekaa kule vinakua kama mtoto, 395,000. Kabla hawajakurudishia hela wanaangalia kama una deni, kama lipo wanakata humohumo wanakupa kilichobaki. Ni haki yao, sheria inawaruhusu, na we ungekuwa unamdai mtu ungefanya vivohivo.

Nikamuuliza binti sasa mbona hawajawahi kunitaarifu hilo deni? Akafungua akaunti yangu kwenye laptopu. Taarifa zipo, zimetumwa zote, kwenye barua pepe. Barua pepe ya nani? Ya kijana wa steshenari aliyenifungulia TIN miaka hiyo, aliweka ya kwake kwa sababu mi sikuwa nayo. Huyo kijana sa hizi yupo Dar anauza nguo. Miaka yote hiyo ofisi ya kodi inaongea na muuza nguo Kariakoo. Nendeni leo mkaangalie kwenye akaunti zenu kuna barua pepe ya nani, nawaambia wengi mtakuta majina ya ajabu.

Kwa hiyo 849,000 ni halali. Nimeipiga mwenyewe kwa kalkuleta ya dukani mara mbili nikitafuta walipokosea, hawajakosea. Ningeambiwa mwezi wa sita kwamba mama tegemea kama laki nane, ikizidi ni bahati, mi leo ningekuwa naandika riviu ya nyota tano. Nisingetolea advansi friza. Tatizo langu na huyu bwana sio hela iliyokuja, ni hela aliyoiandika kwenye bahasha kabla hajafungua kiroba. Hakuuliza vyeti, hakuuliza risiti, hakuangalia kama nina deni, na kuangalia deni ni dakika mbili, binti alifanya mbele yangu. Mganga anayekutajia ugonjwa hujakaa hata kwenye mkeka tunamjua ni wa aina gani.

Haya, turudi kwenye asilimia 15. Bosi karudi toka Masasi, kaniita nije "tumalizane". Nimefika na 127,350 kwenye pochi, ambayo ni asilimia 15 ya 849,000, nimeipiga kabisa mpaka ile hamsini. Yeye kaniandikia 363,600.

"Kaka, hii umeitoa wapi?"

"Mama, ni asilimia 15 ya marejesho tuliyodai."

"Tuliyodai au niliyopata?"

"Kazi tuliyofanya ni ya kudai mama. Kulipa ni juu yao."

Wallah nilikaa kimya kama dakika nzima. Angekuwa mtoto wangu ningemfinya. Nikamwambia kaka, hiyo 2,424,000 ni ya kwako, ulizaliwa nayo kichwani, mi sijawahi kuiona, sasa unanitoza asilimia ya ndoto zako? Akanionyesha karatasi, "asilimia 15 ya marejesho". Nikamwambia soma mwenyewe, marejesho ni kilichorejeshwa, kilichobaki kule hakijarejeshwa, hicho ni Kiswahili tu hata darasa la tatu wanakijua. Akaanza habari za mafuta ya gari na laptopu. Tukavutana mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akateremka mpaka laki mbili, nikamlipa ili yaishe, ila nimemlipa kwa kinyongo na yeye anajua. Kwa hiyo 649,000, na ukitoa ile laki na nusu ya mwanzo ni 499,000. Laki tano kasoro buku.

Sasa nyota. Kazi ya hesabu na ritani: nyota nne, imefanyika kwa wakati, imefanyika safi, na sifa zote ni za binti. Bosi: moja, na hiyo ni ya soda. Bei: laki na nusu ya kuandaa hesabu kwa mzabuni mdogo naona ni ya kawaida, ila hiyo ya asilimia mkienda pale, au popote, hakikisheni kwenye karatasi imeandikwa "ya kiasi kitakachoingia benki", maneno hayohayo, na msikubali kuandikiwa namba yoyote kabla risiti hazijamwagwa mezani. Wakikataa, teremkeni ngazi.

Kuna watu wataniuliza, mama kwa hiyo ilikuwa na faida gani? Ilikuwepo. Laki tano kasoro buku ni hela, na deni limefutika ambalo lingekuja kunivunja shingo siku moja. Mwaka huu kadirio langu nimelishusha kwa kuhesabu na zile asilimia 2 nazokatwa, kwa hiyo silipi tena mara mbili af naanza kujidai mwenyewe. Na risiti nimenunua faili la plastiki, dereva akishuka tu ananikabidhi, nazipiga picha hapohapo, akija bila risiti hela ya chakula hapati. Binti alinambia nitoe na kopi pia, kwa hiyo steshenari wananiona kila Ijumaa.

Barua pepe nimebadilisha, mwanangu wa kidato cha nne ndo anaifungua. Barua ya kwanza aliyonisomea ilikuwa tangazo la mkopo.

Friza nimelilipia nusu, wamekubali kunihifadhia mpaka mwezi wa pili. Ada ya Mikindani nimetoa, ningeificha wapi sura. Ile laki sita ya shule bado naifata, maana nikipata cheti inaweza kuingizwa. Barua ya kwenda kwa mkuu wa shule yule binti kaniandikia mwenyewe, jioni, nje ya kazi, hakutaka hata mia, nilimpelekea ming'oko na karanga akafurahi kuliko bosi wake alivofurahia laki mbili. Nimeenda mara tatu. Mara ya mwisho mhasibu mpya kaniambia kafaili kameonekana ila aliyekafungia kabati kaondoka na ufunguo, nirudi Jumatatu.